Ubao Uliopigwa Pasi

Najua nimepotea hapa kibarazani karibu mwezi mzima, na kuna mshikaji mmoja kaniuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa Nkoaranga kwa mjomba, napima benchi kwa futi ya fundi cherehani.

Wale tunaosoma wote Historia mnakumbuka kilichonipata siku ya kuwasilisha ile kazi ya masimulizi. Tuliambiwa kila mtu achukue kitu kimoja cha nyumbani kwao, aandike historia yake kwa kutumia simulizi, maandishi na kitu chenyewe. Wengine walileta vibuyu, mwingine akaleta rungu la babu yake, watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama nikasema nitaandika juu ya ubao ambao mjomba alimbebea mzungu mpaka juu Kilimanjaro, mzungu akashuka nao anateleza amesimama, kama mtu aliyepanda mtumbwi. Hapo bado walikuwa wananisikiliza. Nilipofika pale mzungu alipoomba pasi akaupiga ubao pasi, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka kidogo, halafu akasema, "Lete ushahidi, dada, siyo hekaya." Nikakaa chini masikio yanawaka.

Kilichoniuma zaidi siyo darasa. Ni kwamba mimi mwenyewe nilicheka hivyo hivyo nilipokuwa darasa la nne. Kijijini mjomba wanamwita Mzee Pasi. Watoto wanalijua hilo jina, wazee wanalijua, hata kwenye vikao vya harusi mtu akitaka kuchangamsha watu atasema tumwachie Mzee Pasi atusimulie. Zamani alikuwa anasimulia. Siku moja aliacha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi nilikwenda. Nikamkuta anapalilia kahawa. Shikamoo mjomba, marahaba mama, karibu ndani. Nikamweleza shida yangu. Alinyamaza muda mrefu, akaniambia, "Mama, mimi hayo mambo niliyaacha. Ila benchi lile pale. Liulize lenyewe."

Sasa nieleze hilo benchi. Liko jikoni kwa shangazi tangu sijazaliwa. Ni refu, limechongoka kwa kuviringa pande zote mbili, na ncha zake zimekunjwa kuelekea chini, kwa hiyo ukilitazama kwa mbali linafanana na mdomo wa mtu aliyenuna. Miguu ya chuma ilifungwa na fundi wa Tengeru. Shangazi hukatia mboga pale juu, kuku hulala chini yake. Tulilitoa nje, mjomba akaleta spana namba 10, tukafungua bolti nane, miguu ikatoka. Na hapo ndipo nilipoona jambo la kwanza: fundi hakutoboa tundu hata moja. Matundu yalikuwepo tayari, ya chuma, yamezamishwa ndani ya mbao kwa safu, na yana nyuzi za skrubu. Nani anatengeneza benchi lenye matundu ishirini na zaidi halafu anatumia manane?

Hayo matundu ni ya vifungo vya miguu. Ubao wa theluji, wenyewe wanauita snoubodi, unaupanda kwa ubavu, miguu yote miwili imefungwa. Matundu yako mengi ili mwenye ubao aamue asimame wapi na atanue miguu kiasi gani. Kwenye huu wa mjomba nilipima kutoka katikati ya ubao, nikakuta mafungu yote mawili ya matundu yamesogezwa nyuma kama sentimita mbili na nusu. Hiyo siyo bahati mbaya. Aliyeutengeneza alitaka mpandaji akae nyuma kidogo ili pua ielee kwenye theluji laini isizame.

Vipimo vyenyewe hivi hapa: urefu sentimita 163, pua 30, mkia 29 na nusu, na katikati, pale ninapopaita kiunoni, 25.3. Kiuno ndicho roho ya chombo. Ukiulaza ubao upande mmoja, ukingo wake ule uliopinda unagusa theluji kwa mstari wa duara, na ubao wenyewe unakata kona bila kusukumwa. Mwenzangu wa chumbani anasoma Hisabati, nikampa vipimo akachora kwenye daftari, akaniambia duara la kona hiyo lina nusu kipenyo cha kama mita 9. Yaani mtu anageuka kwenye nafasi isiyozidi sana uwanja wa netiboli. (Alinidai soda kwa hesabu hiyo, na nimelipa.)

Nikaulaza chini, upande wa kuteleza ukiwa chini. Katikati uliinuka, nafasi ya kama upana wa kidole. Wanafunzi wa Fizikia mtanielewa haraka: ni springi. Mtu akisimama, lile tao linabonyea na ukingo wote unashika chini kwa nguvu sawa. Na ubao wenyewe ni mgumu. Nilijaribu kuukunja kwa goti, haukutaka. Nilivyosoma baadaye, ugumu huo ni wa mtu anayejua. Mgeni wa mchezo anahitaji ubao mlaini unaomsamehe. Ubao mgumu unashika vizuri kwenye barafu kavu na haupepesuki ukienda kasi, lakini ukikosea kidogo unakutupa. Ukichanganya na ile pua pana, mkia ambao nao umekunjwa juu ili uweze kurudi kinyumenyume, na kiuno cha wastani, unapata ubao wa kazi zote: theluji laini, theluji ngumu, mteremko mkali, bondeni. Siyo wa kuruka sarakasi tu wala wa kushindana mbio tu. Mtu anayekwenda mlima asioujua anachukua huo mmoja.

Pembeni ubao wote umezungukwa na ukingo wa chuma, mwembamba, umeshika kutu sasa. Ndani, pale ulipochubuka, unaona tabaka kama za chapati: plastiki ngumu chini, faibaglasi, kiini cha mti, faibaglasi tena, halafu mchoro wa juu ambao umefutika, imebaki rangi ya buluu. Yaani kumbe ni mbao kweli! Siku zote nilidhani ni plastiki. Viwandani wanabandika vipande virefu vya miti kama popla kwa gundi, kwa sababu hadi leo mti unanyumbuka na kurudi vizuri kuliko vitu vingi vya maabara.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana mwalimu alitaka maandishi.

Watu wengi, mimi nikiwemo, tungeapa kwamba mambo ya kuteleza kwenye theluji hayajawahi kufika huku kwetu. Yamefika, na zamani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii, zile mbao mbili nyembamba za kuvaa kila mguu wake. Ndio wa kwanza kutumia skii kwenye Kilimanjaro. Furtwängler huyu ni ndugu wa yule mwongoza muziki maarufu, Wilhelm. Barafu iliyoko karibu na kilele ikaitwa kwa jina lake. Skii za enzi hizo zilikuwa mti mtupu, bila ukingo wa chuma, kwa sababu ukingo wa chuma ulibuniwa na Mwaustria Rudolf Lettner, akapata hataza yake 1926. Sasa fikiria unashuka kwenye barafu ya Kibo, mita zaidi ya 5,000, na mbao zisizo na makali. Ni sawa na kushuka Sekei kwa baiskeli isiyo na breki siku ya mvua.

Na wale waliowabebea? Vitabu vinasema "wapagazi", basi. Ni kama mizigo ilijipandisha yenyewe.

Ubao mmoja wa kusimama kwa ubavu ulikuja baadaye sana. Krismasi ya 1965, huko Muskegon, Michigan, fundi mhandisi aitwaye Sherman Poppen alifunga skii mbili pamoja ili binti zake wachezee kwenye theluji. Mkewe akakiita Snurfer. Kilikuwa na kamba puani ya kushikilia, wala hakikuwa na vifungo vya miguu. Jake Burton Carpenter, ambaye alikichezea akiwa kijana, alianzisha kiwanda chake Vermont mwaka 1977, akaongeza vifungo, na yeye na wenzake kina Tom Sims wakaubadilisha ule mchezo wa watoto. Vilima vingi vya skii vilikuwa vinawafukuza. Poppen na Burton wote wawili walifariki 2019.

Halafu ikaja Nagano, Japani, Februari 1998. Ndiyo Olimpiki ya kwanza kuwa na snoubodi. Michezo hiyo hiyo Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji, alishiriki mbio za skii za kilomita 10 akamaliza wa mwisho kabisa, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Boit alikuja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Nimeitaja Nagano kwa sababu maalumu, subirini.

Mjomba anasema alipanda na yule mzungu "mwaka wa El Nino". Watu wa hapa mnajua zile mvua za kuanzia mwisho wa 1997 zilizobomoa madaraja na barabara. Juu mlimani ile mvua ilikuwa theluji, na ndiyo sababu mzungu wake, kijana kutoka Austria, alikuja na ubao. Lakini mwaka wa El Nino unaingia miaka miwili, nikataka mwezi. Nikampigia mama. Mama ni mwalimu wa msingi, na ada ya mwaka wake wa kwanza wa chuo cha ualimu ililipwa na kaka yake, huyu huyu mjomba, kwa pesa ya safari ile. Mama yangu hatupi karatasi. Alifungua bahasha, akanipiga picha ya risiti: tarehe 27 Februari 1998.

Nilikaa kitandani nikaitazama ile picha ya risiti. Mwezi ule ule ambao dunia ilikuwa inaangalia snoubodi Nagano kwenye televisheni, mjomba wangu alikuwa anaupandisha mmoja Machame mgongoni.

Sasa anisimulie mwenyewe. Nilipomwonyesha ile risiti alikaa kwenye ndoo, benchi tukiwa tumelibomoa, akaanza kusema polepole.

Ubao haukuwa mzito. Na vifungo vyake pengine kilo tano (siku hizi utaratibu ni mpagazi asizidi kilo 20, zamani ilikuwa ni huruma ya kiongozi wako). Tatizo lilikuwa upepo. "Unaukamata kama tanga la jahazi. Unakwenda kulia, wenyewe unataka kushoto." Kambi ya mwisho kwa njia ile inaitwa Barafu, iko kama mita 4,670. Kawaida mpagazi anaishia pale, anawasubiri wageni washuke kutoka kileleni. Lakini mzungu alichoka, kiongozi akauliza nani atabeba ubao mpaka Stella, kuna nyongeza. Mjomba akanyoosha mkono. Alikuwa na buti za kuazima na glovu za pamba zilizoloa. Walitoka saa sita usiku. Mkono wa kulia aliutia mfukoni kila alipoweza, wa kushoto ulikuwa umeshika ubao usipeperuke. Ule wa kushoto leo una vidole viwili visivyo na ncha, cha pete na cha mwisho. Kijijini walishaamua kwamba vilikatwa na mashine ya kusaga.

Kuhusu vidole, maandishi yapo, tena ya kale. Johannes Rebmann, mmisionari, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, na kiongozi wake hakuwa na jina la kile cheupe cha juu, akasema tu ni baridi. Rebmann aliandika pia kisa alichosimuliwa, kwamba Mangi Rungua wa Machame aliwahi kutuma watu wakaone kile cheupe ni kitu gani, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Rebmann alipopeleka habari za theluji karibu na ikweta, msomi wa London aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alimbishia kwa miaka. Ilibidi Baron von der Decken apande na kunyeshewa na theluji mwaka 1862 ndipo watu wakaanza kunyamaza. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu maktaba. Cooley na darasa letu wangeelewana sana.

Juu Stella kulikucha. Mzungu akafunga miguu, akashuka. Mjomba anasema alisikia sauti kama ya kitambaa kinachanwa, halafu, mbali kidogo, sauti ya kokoto. Theluji ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. Aliteleza kipande, akaanguka, akateleza tena, akafika kwenye mawe, akavua, akashuka kwa miguu. "Siku sita za kupanda, mama, na dakika tano za kuteleza. Lakini zile dakika tano! Nilimwona kwa macho haya." Mzungu alipofika chini akautazama ubao wake ulivyochanika, akampa mjomba. Hakuwa na haja nao tena.

Hapa nikarudi kwenye benchi, na naomba mtulie mnisikilize kama watu wa Historia. Upande wa kuteleza una mikwaruzo ya aina mbili. Ipo mifupi, imekatiza upana, mingi iko katikati: hiyo ni kisu cha shangazi. Na ipo mirefu, imekwenda kutoka puani kuelekea mkiani, sambamba, mingine ya kina hadi faibaglasi inaonekana, na pale inapofika pembeni ukingo wa chuma umepata mapengo. Kisu cha mboga hakiwezi kupengua chuma. Tena mikato ya kisu imepita juu ya ile mirefu, imeikata, kwa hiyo mirefu ni ya zamani zaidi. Ubao huu ulibururwa kwa kasi juu ya mawe kabla haujawa benchi. Nakubali, mkwaruzo hausemi ni mawe ya mlima gani. Ndiyo maana kuna risiti na kuna vidole.

Na kuna pasi.

Nilikuwa natafuta habari za plastiki ya chini tu, kwa nini ni laini vile mkononi. Nikasoma kwamba plastiki ile, kwenye mbao za watu wanaojua, inatengenezwa kwa kugandamiza unga wake kwa joto, kwa hiyo inabaki na vinyweleo vidogo vidogo vinavyokunywa nta. Bila nta ubao unakwama. Na nta inaingizwaje? Unashika kipande cha nta juu ya pasi ya moto, idondoke ubaoni, halafu unapitisha pasi taratibu kutoka puani hadi mkiani mpaka nta iyeyuke na kunywewa. Ikipoa unakwangua iliyobaki.

Nilisimama. Watu wa maktaba waliniangalia.

Kwa sababu mjomba hajawahi kusoma habari hizo popote. Hakuna mtu Nkoaranga mwaka 1998 aliyejua kwamba mbao zinapigwa pasi. Kama angetaka kutunga uongo, angetunga unaoaminika, angesema mzungu alipaka mafuta. Lile jambo lililomfanya aitwe mwongo kwa zaidi ya miaka 25 ndilo pekee ambalo asingeweza kulitunga.

Nilipanda daladala siku ile ile. Nikamsomea kwenye simu, nikimtafsiria sentensi moja moja. Hakuruka wala hakushangilia. Aliuliza, "Wameandika kutoka puani kwenda mkiani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Hivyo hivyo. Pale hotelini Moshi walimdai pesa ya pasi, maana nta iliganda ikachafua shuka la mgeni mwingine." Hilo la shuka hakuwahi kunisimulia. Shangazi alikuwa mlangoni na ungo wake, akaanza kucheka, halafu akaacha, akaingia ndani. Nilisikia anafuta macho kwa kanga, au labda ni moshi wa kuni, sitaki kuongeza chumvi.

Nilimwambia mjomba na habari za barafu pia. Mwaka 1912, ule wa Furtwängler, barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Ile yenye jina la Furtwängler ilipungua karibu nusu kati ya 1976 na 2000. UNESCO walisema 2022 kwamba huenda yote ikaisha kufikia 2050. Alisikiliza, akatazama juu upande wa Meru, ambako siku hiyo kulikuwa na weupe kidogo kileleni, ule wa asubuhi ambao jua la saa nne huwa limeshaumaliza. Akasema kwa hiyo huo ubao utabaki benchi tu. Nikamwambia ndiyo mjomba, benchi tu.

Mwalimu kanikubalia niwasilishe tena. Ni kesho saa nne, chumba kile kile. Mjomba anakuja naye, ameshaazima koti. Bolti nane ziko kwenye mfuko wa nailoni kwenye begi langu, na ubao uko hapa chini ya kitanda changu hosteli, mwenzangu wa Hisabati kaushausingizia mguu mara mbili. Konda wa Hiace ya Usa alinitoza siti ya pili kwa ajili yake. Anayetaka kuja kesho kuona aje mapema, viti vya nyuma vinajaa haraka.